Ukuta wa Timazi

Kila aliyemjua alimwita Timazi. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwa dada yake mkubwa peke yake, naye alilitoa siku ambazo mdogo wake amemuudhi. Timazi, kwa asiyejua ujenzi, ni ile kamba yenye kichwa cha chuma ambayo mwashi huining'iniza ili aone kama ukuta wake umesimama wima au umelewa. Huyu bwana alikuwa mwashi tangu ndevu hazijamwota, na katika maisha yake yote hakuna ukuta wake hata mmoja uliowahi kulewa.

Ulio bora kuliko zote ulikuwa mwisho wa mtaa wake mwenyewe. Aliujenga akiwa bado na nguvu zake, alipoajiriwa na kampuni iliyokuwa ikiuza viwanja upande wa juu na kutaka wateja wake waishi bila kuchunguliwa na mtu. Walimwambia ajenge ukuta, yeye akajenga ngome. Msingi aliuchimba mpaka wasaidizi wake wakauliza kama wanatafuta maji. Nondo aliweka za kubeba ghorofa. Lipu aliipiga mwenyewe, akaisugua mpaka ikang'aa kama shavu la mtoto, na juu kabisa akapanga vipande vya chupa kwa zamu, kijani na kahawia, kijani na kahawia, kwa sababu hata cha kumchoma mwizi, alisema, kiwe na heshima.

Wageni wakija kumtembelea, kabla hawajapewa kiti, huwapeleka kuuona.

"Pitisha mkono," huwaambia. "Pitisha tu, usiogope. Mjusi akijaribu kupanda hapa anarudi chini kuomba ngazi."

Wakati ule anaujenga, mji ulikuwa bado haujafika huko. Palikuwa mashamba. Kisha mji ukaja, nao haukuja kwa mpango, ulikuja kama maji yaliyomwagika sakafuni, unafuata penye mteremko. Mwenye shamba alipokufa, wanawe waligawana, wakakata viwanja, wakauza. Kila mmoja aliacha njia ya kumtoa mteja wake barabara kuu na kumleta kiwanjani, na njia hiyo ikakoma pale shamba lilipokoma. Barabara ya jirani inakwenda wapi, hilo halikuwa shauri la mtu. Matokeo yake, sehemu yote ile ilijaa mitaa iliyoingia kutoka barabara kuu kwa mbwembwe, kisha ikafia kwenye ukuta wa mtu, kwenye mtaro, au kwenye dirisha la chumba cha kulala. Ukitaka kwenda kwa jirani wa nyuma yako, sharti ushuke mpaka barabara kuu, usukumane na malori, halafu upande tena kama unayekwenda safari.

Dada yake Timazi alikuwa jirani wa namna hiyo. Alikuwa fundi cherehani, mjane asiye na mtoto, na alipopata uwezo wa kununua kiwanja alinunua upande wa juu, nyuma kabisa ya ukuta ule, kando ya mtaa unaokomea hapo. Alidhani amejisogeza karibu na mdogo wake, na kwa masikio ilikuwa kweli. Cherehani ikikwama, Timazi alisikia. Timazi akikohoa, dada yake alijua amelala bila blanketi. Kila asubuhi sauti ilipita juu ya zile chupa:

"Wewe mtoto! Umekula?"

Na mzee wa miaka sitini na ushee, mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, alijibu kwa utii: "Nimekula, Dada!"

Ila kuonana uso kwa uso kulitaka nauli, magari mawili na nusu siku ya kazi. Basi wakawa wanaonana kwenye harusi na misiba, kama ndugu wa miji miwili.

Aliyewaunganisha alikuwa binti yake Timazi. Alikuwa mtoto pekee, na mama yake alifariki yeye akiwa bado anasoma shule ya msingi, kwa hiyo aliyemfundisha kusuka nywele na kujibu wanaume ni shangazi yake. Alisoma mpaka wazazi wa wenzake wakachoka kusikia habari zake, akaajiriwa na halmashauri ya jiji, idara ya mipango miji. Timazi alijivuna naye bila aibu yoyote. Hakuna aliyewahi kupanga foleni ya saruji nyuma yake akarudi nyumbani bila kuambiwa kwamba binti wa mzee huyu ndiye anayechora barabara.

Jumapili moja binti alikuja kama kawaida yake, akabandika maji jikoni, akamimina chai, akakaa. Hakuigusa.

"Baba, nataka uyasikie kwangu kabla hujayasikia mtaani."

"Unaolewa?"

"Hapana."

"Basi endelea, nimeshatua roho."

Alimweleza polepole. Jiji lilikuwa limeamua kuunganisha mitaa iliyofungwa, sehemu kwa sehemu. Katikati ya mji, alisema, kule kwa zamani, barabara hukutana kila baada ya hatua chache. Mtu akifungiwa huku anapita kule, na watu hutembea kwa miguu kwa sababu kutembea kunafika. Lakini kadiri mji ulivyozidi kutanuka ndivyo barabara zilivyozidi kukataa kukutana. Mji ni mkubwa, na kila mtu amejifungia kwenye kimfuko chake. Kila safari, hata ya kununua kiberiti, inamwagwa kwenye barabara moja kuu, halafu watu wanauliza foleni imetoka wapi. Yeye ndiye aliyepewa kuongoza kazi hiyo. Na pa kuanzia palikuwa pameshachaguliwa.

Timazi aliweka kikombe chini. Hakuwa mgumu wa kuelewa.

"Mji mzima huu," alisema, "umejaa kuta kama meno. Uliouona wewe ni wa baba yako?"

"Ningeuruka huo, watu wangesema nini? Wangesema nimemwonea haya baba yangu, halafu nakwenda kuwavunjia wao."

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa, Baba, na mimi ningekuwa nimekukosea mara mbili."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomchoma. Alimwambia chai inapoa. Akainuka kwenda kusafisha miko yake ya kupigia lipu, ambayo haikuwa na hata chembe ya uchafu.

Habari zilienea. Watu wa mtaa wa Timazi, ambao miaka yote waliulalamikia ukuta ule kwa sababu uliwazuia kufika shuleni na sokoni, sasa waligawanyika. Wengine walisema heri ufunguke. Wengine walisema wamezoea utulivu wao, na pikipiki zikianza kupita hapo hata kuku hawatataga. Wa upande wa juu hawakugawanyika sana: walikataa. Mwenyekiti wao, mstaafu mwenye sauti ya kuita gwaride, alimpigia simu Timazi na kumwita kaka kwa mara ya kwanza maishani mwake. "Wewe ndiye uliyeujenga," alisema. "Ukisimama mkutanoni ukasema usiguswe, nani atakupinga? Hata huyo binti yako atakaa chini." Timazi alisema atafikiri. Ukweli ni kwamba alikuwa ameshafikiri, na alikuwa na hotuba nzima kichwani, yenye mpaka mahali pa kukohoa.

Basi siku moja, jua likiwa limeshapanda na watu wazima wote wako makazini, alikuwa uani kwake akinoa patasi. Alisikia kishindo upande wa pili, kama beseni lililotupwa. Kisha sauti.

"Wewe mtoto!"

Haikuwa ile ya asubuhi. Akasimama.

"Dada?"

Akasikia jina lake. Jina lake lenyewe, lile la kuzaliwa, na hakuwa amemuudhi kwa lolote siku hiyo. Ndipo alipoitupa patasi.

"Nimeanguka! Mguu haunibebi!"

"Uko wapi?"

"Hapa nyuma! Kwenye kamba za nguo!"

Hapo nyuma maana yake ni hapo hapo, unene wa tofali moja kutoka alipo yeye. Akakokota ngazi, akaiegemeza, akapanda huku goti lake bovu likimlalamikia kila kidato, akatupa gunia juu ya vile vipande vya kijani na kahawia na kuchungulia. Akamwona. Dada yake alikuwa amelala ubavu kando ya beseni lililopinduka, kilemba kimemtoka, mguu umekaa vile mguu usivyokaa. Chini palikuwa mbali, kwa sababu ukuta aliujenga mrefu, na lipu ilikuwa laini kutoka juu mpaka chini. Alitafuta kwa macho mahali pa kukanyaga. Hakuna. Alijua hakuna. Aliisugua mwenyewe.

"Rudi chini!" dada yake alimkemea kutoka pale alipolala. "Ukivunjika na wewe, nani atamwuguza mwenzake?"

Alipiga kelele kwa majirani wa kule. Mageti yamefungwa, wenyewe hawapo. Akateremka, akampigia binti yake. Binti alisikiliza, hakupoteza neno: "Naita gari la wagonjwa. Wewe zunguka, Baba. Anza sasa hivi."

Akazunguka. Alikimbia mpaka kituo cha pikipiki, akarukia ya kwanza, wakashuka barabara kuu, wakakwama kwenye foleni, wakatoka, wakapinda kuingia upande wa juu. Dereva hakuwa mwenyeji. Alichukua mtaa wa kwanza, wakaishia kwenye ukuta. "Samahani, mzee." Akarudi, akachukua wa pili, wakaishia kwenye mtaro. Tangu mitaa ile izaane, Timazi mwenyewe alikuwa amefika kwa dada yake mara za kuhesabika, tena kila mara akiwa amelala kwenye kiti cha gari. Mtaa wa tatu ndipo walipolikuta gari la wagonjwa lenyewe, limejaa barabara nzima, linarudi nyuma kwa shida na king'ora kinalia, dereva amechomoza kichwa dirishani anauliza watu njia. Timazi alishuka kwenye pikipiki, akapanda mbele pamoja na dereva, wakatafuta wote.

Walipofika, dada yake alikuwa amejivuta akajifunika shuka mbichi kukinga jua. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alimtazama mdogo wake akipiga magoti.

"Ulipitia ng'ambo ya bahari?" aliuliza.

Timazi akalia. Hakuwa amelia tangu siku ya kumzika mkewe, na sasa alilia mbele ya wauguzi na dereva wa pikipiki aliyekuwa akisubiri nauli yake, na dada yake akampigapiga mkono na kumwambia anyamaze, amekuwa mtu mzima.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Madaktari walisema itatengenezeka, ila kulala juani muda wote ule hakukumsaidia mtu wa umri wake. Binti alifika hospitalini na viatu vya kazi vikiwa na vumbi, akamshika shangazi yake, kisha akakaa kwenye benchi la ukumbini karibu na baba yake. Hakusema neno juu ya ukuta. Timazi alimngoja aseme. Angesema, pengine angepata pa kumkasirikia. Lakini binti alimega tu mkate alioununua njiani, akampa kipande kikubwa.

"Mkutano ni lini?" Timazi aliuliza.

"Jumamosi."

"Nitakuja."

"Kusema nini, Baba?"

"Mkutano si wa wote? Utasikia na wenzako."

Ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi iliyo upande wa juu, watu wa mitaa yote miwili wamejaa mpaka madirishani. Wengi walikuwa hawajawahi kuonana, ingawa walijuana kwa kelele: huyu ndiye mwenye jogoo, yule ndiye anayepiga muziki wa taarabu alasiri. Timazi alipata nafasi kwenye dawati la mtoto, magoti yakamfika kifuani.

Binti yake alisimama mbele. Alikuwa amebandika mchoro mkubwa ubaoni, lakini hakuanza nao.

"Shule hii nimesoma mimi," alisema. "Nyumba yetu iko pale nyuma, upande wa chini. Kengele ya asubuhi nilikuwa naisikia nikiwa kitandani, na bado nilichelewa kila siku. Mwalimu alidhani mimi ni mvivu. Baba yangu alinipakia kwenye baiskeli, tukashuka barabara kuu, tukapita katikati ya malori, tukapanda. Hakuchelewa kuamka hata siku moja. Barabara ndiyo iliyotuchelewesha."

Timazi alikuwa ameisahau baiskeli ile. Hakuwahi kuwaza kwamba mtoto aliyekaa nyuma yake, kamshika kiuno, alikuwa anahesabu njia.

Mwenyekiti akainuka. Alisema juu ya wezi. Binti akajibu kwamba wezi wanapenda mtaa wenye mwisho, maana hakuna anayepita wa kuwaona. Na kwamba kutakuwa na taa. Mwenyekiti akasema basi iwekwe mlango, ufungwe jioni. Binti akasema gari la zimamoto halichagui saa, na mlango wenye kufuli utahitaji mwenye ufunguo, na mwenye ufunguo siku hiyo atakuwa harusini. Watu wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka kidogo, kwa bahati mbaya.

Kisha mama mmoja wa mtaa wa chini, aliyekuwa na mtoto mgongoni, akasimama na lake. Watoto wao walicheza barabarani kwa sababu hakuna gari linalopita. Ikifunguliwa, watachezea wapi?

Binti aliuacha mchoro, akamsogelea. "Hilo ni kweli," alisema. "Mtaa ukipitwa haurudi kuwa uwanja. Naweza kuweka matuta ili wanaopita wapite taratibu, na naweza kupigania ile kona iliyobaki wazi kule mwisho isiuzwe, iwe ya watoto. Lakini sitakudanganya, mama. Mtapata njia, na kuna kitu mtakipoteza."

Timazi alimtazama. Aliwahi kusikia watu wa ofisi wakizungumza na wananchi; wengi humwaga maneno kama mchanga wenye udongo, tele lakini haushiki. Huyu alikuwa anaweka neno moja, analisawazisha, ndipo anaweka jingine juu yake. Kifua kilimjaa mpaka akaona dawati limembana. Alitaka kumgeukia jirani yake na kumwambia huyo ni binti yangu, lakini jirani alikuwa ameshaambiwa mara kumi.

"Tumsikie aliyeujenga," Mwenyekiti alisema. "Mzee Timazi."

Alijichomoa kwenye dawati kwa taabu. Ile hotuba yenye mahali pa kukohoa ilikuwa imemtoka yote.

"Mimi ndiye niliyeujenga," alisema. "Na sitaomba radhi kwa ukuta ule. Ni mzuri. Nitafuteni mwingine kama ule mji mzima, kisha mje mniambie." Watu wakaguna kukubali. "Juzi dada yangu alianguka nyuma yake. Wengine mmeshasikia. Nilimwona kwa macho yangu, ningemtemea mate yangemfikia, na nisiweze kumpa hata maji. Nikazunguka nusu ya mji kumfuata mtu aliyekuwa pua na mdomo na mimi. Sasa mimi najua kazi yangu. Nikiambiwa jenga, najenga. Hakuna aliyewahi kuniambia nitazame kule njia inakokwenda, kwa sababu hakuna aliyekuwa anatazama. Leo yuko anayetazama." Akamnyooshea mkono mbele. "Yule pale. Mimi nimemzaa, lakini haya hakuyapata kwangu. Ukuta ni mzuri, ndugu zangu. Umesimama njiani. Na uvunjwe."

Akakaa, au alijaribu kukaa. Dawati lilikuwa limempa mgongo, na jirani akamdaka. Chumba kikapasuka kwa vicheko na makofi. Binti yake alikuwa amegeukia ubao, anautengeneza mchoro ambao haukuwa umepinda.

Hawakukubali wote. Mwenyekiti alitaka iandikwe kwamba yeye alipinga, ikaandikwa. Lakini mikono iliyoinuka ilitosha, na jiji likapanga siku.

Siku hiyo lilikuja katapila la manjano, limepakiwa kwenye lori, na watu wa pande zote mbili wakatoka kama kuna mechi. Binti alivaa kofia ngumu na kizibao cha kung'aa, akawarudisha watu nyuma. Opereta wa katapila alikuwa kijana mchangamfu anayetafuna bazoka. Alimsalimia Timazi, akaupima ukuta kwa jicho moja, akasema kabla chai haijapoa atakuwa ameshamaliza.

Akapiga la kwanza. Ukuta ukatoa vumbi kidogo. Akapiga la pili. Katapila likarudi nyuma lenyewe, kama mtu aliyesukumwa kifuani. La tatu, kukasikika mlio wa chuma, na jino moja la lile beleshi likaruka na kuangukia mtaroni.

Mtaa mzima ulipiga vigelegele. Opereta akazima mashine, akateremka, akaliokota jino lake, akalitazama.

"Mzee," alisema, "huu ulimjengea nani? Tembo?"

Binti alijitahidi kukaa na uso wa kiofisi. Alijaribu kwa dhati. Kisha akashika magoti yake akacheka mpaka kofia ikamdondoka, na baba yake, aliyekuwa amesimama ameweka mikono nyuma kama mkaguzi, akashindwa naye, wakacheka wawili, wanafutana machozi, mbele ya wafanyakazi wa jiji.

"Baba, tuanzie wapi?"

"Mwanangu, sijui. Miaka yote niliwaza namna ya kuusimamisha. Kuulaza sikuwahi kuwaza."

Basi wakakaa chini wakashauriana, yeye na opereta na binti. Binti akasema wakate toka juu, kipande kwa kipande, wala wasiusukume. Opereta akaagiza msumeno wa kukatia nondo. Timazi akachora chini kwa kijiti mahali alipokumbuka nguzo zilipo. Wanaume wa mtaa wa chini wakaleta nyundo, na wa mtaa wa juu, ambao wengi wao hawakuwahi kushika nyundo, wakazishika. Kazi ya asubuhi ikawa ya siku hiyo na ya kesho yake. Timazi alipewa heshima ya kuondoa chupa za juu. Aliziondoa moja moja, akazitia ndooni, na hakuna aliyemharakisha.

Kipande cha mwisho kilipolala, vumbi lilijaa hewani na watu wakajifunika nyuso. Kisha upepo ukapita. Ulitoka upande wa juu, ukashuka mtaani, ukapeperusha nguo kwenye kamba za watu, upepo ambao mtaa ule haukuwa umeupata tangu ukuta usimame. Vumbi likaondoka, na Timazi akaona kutoka mlangoni kwake mpaka geti la shule, na zaidi ya hapo, barabara ikipanda mpaka juu kabisa. Alikuwa ameishi hapo zaidi ya nusu ya maisha yake na alikuwa ameshasahau kwamba mbele ya nyumba yake kuna kilima.

Moyo ulimuuma, asidanganye mtu. Lakini alipogeuka alimwona binti yake akiwa amesimama katikati ya ile nafasi, mguu mmoja mtaa wa chini na mwingine mtaa wa juu, akiwaonyesha mafundi mahali pa kupitisha mtaro wa maji, na watu wazima wakimsikiliza. Akatambua kwamba kazi yake bora haikuwa ile iliyolala chini.

Mambo hayakuwa shwari yote tangu siku ya kwanza. Pikipiki zilifanya pale mahali pa mashindano mpaka matuta yalipowekwa. Jogoo mmoja aligongwa, na kesi yake ilichukua jioni nzima. Mwenyekiti aliendelea kunung'unika, ingawa mkewe alikuwa wa kwanza kuteremka na kikapu kununua mboga upande wa chini, kwa miguu, na kurudi akishangaa kwamba hajachoka. Watoto wa mtaa wa juu na wa chini waligombana kwa juma moja juu ya ile kona iliyoachwa wazi, kisha wakasahau nani ni wa wapi. Na foleni ya barabara kuu? Haikwisha. Binti alisema njia moja haimalizi foleni, lakini zikifunguka za kutosha itapungua, na alikuwa ameshaanza na mtaa mwingine.

Dada yake Timazi aliporudi kutoka hospitalini alipewa chuma cha kutembelea. Alikichukia. Hata hivyo, baada ya mwezi mmoja alikuwa akishuka nacho kila asubuhi, tuta kwa tuta, mpaka kwa mdogo wake, na swali lake la kila siku aliliuliza akiwa ameshafunua sufuria kujionea mwenyewe. Wateja wa mtaa wa chini walimjua, wakaanza kumletea nguo, na cherehani ikawa hailali.

Jioni moja, Timazi alikuwa amekaa barazani na dada yake, wakimenya njegere, gari dogo la kusambaza maji ya chupa likasimama mbele yao. Dereva alikuwa mwanamke mgeni, amechoka, simu mkononi.

"Shikamoo, mzee. Natafuta shule ya msingi. Simu inaniambia nirudi barabara kuu nizunguke."

"Marahaba. Usizunguke. Nyoosha hapo hapo mbele, ruka matuta, geti la bluu."

Dereva alitazama simu yake, akatazama mbele, akatazama simu tena. "Lakini ramani inaonyesha hapa pamefungwa."

"Hiyo ya zamani, mama," Timazi alisema, na dada yake akainamisha kichwa kwenye sufuria kuficha kicheko, maana alijua linalokuja. "Binti yangu ameshaibadilisha. Zima gari kidogo, nikueleze."